Mkufu wa Meno ya Zipu

Hivi wewe, umewahi kuingia mahali pa bure ukatoka unadaiwa? Mimi, leo asubuhi. Mkabala na kijiwe chetu, lilipokuwa duka la matairi, siku hizi kuna jumba dogo la maonyesho: vyumba viwili, kuta nyeupe, taa juu ya kila kitu. Haliuzi chochote. Linaendeshwa kwa michango na linaonyesha mapambo na kazi za mikono za watu wa leo. Nilimsindikiza Mama Kahawa, anayetuuzia hapa benchini, akautazame mkufu aliowaazima. Aliutengeneza Fundi Zipu kwa meno ya zipu mbovu. Miaka tisa alikaa nasi hapa akikarabati mabegi ya watu, mpaka macho yakamchoka, binti yake akaja kumchukua. Tukaukuta mkufu ndani ya kisanduku cha kioo. Chini yake kibao: “Msanii hajulikani.” Halafu tena, *Anonymous*, kwa Kiingereza, ili aibu ivae tai.

Tuliporudi, Mama Kahawa alimimina kahawa nje ya kikombe.

— Hajulikani? Zipu? akasema Spika, ambaye hajawahi kumwacha mtu amalize sentensi. Kanilalia bega hili miaka yote, leo hajulikani?

— Na kuna maelezo, nikasema. Eti kile kichwa cha zipu kifuani ni ishara ya jamii iliyofungwa mdomo.

— Mdomo gani? akasema Mama Kahawa. Mikufu mingine inafungwa kisogoni, na mimi naishi peke yangu. Akaniambia, dada, huu nimeuweka zipu mbele, utajifungia mwenyewe.

Mkemia akakohoa. Ni mlinzi wa duka la dawa, kwa hiyo anajua kila kitu.

— Wamefanya makusudi. Fundi akijulikana, si atakuja kuyabishia hayo maelezo yao?

— Ndiyo maana wakamwondoa, akadakia Spika.

— Aliondoka kwa sababu ya macho, wewe, akasema Mama Kahawa.

— Nani alimpima? Yule binti, mliona kitambulisho chake?

— Halafu zile zipu, Mkemia akashusha sauti. Nyingine zilitoka kwenye mabegi ya wakubwa. Yale meno ukiyasoma kwa mpangilio, ni namba.

— Namba za nini? nikauliza.

— Ningejua ningekuwa nalinda panadol?

Nikapandwa na hasira. Nina digrii, nimetuma siivii za kuomba kazi mpaka mashine ya fotokopi inanijua. Nikawaambia, kutojulikana nakufahamu mimi, msinifundishe. Wasomi wazima wale wameshindwa kuvuka barabara wakauliza?

Mlango wa jumba ukafunguka. Dada anayelisimamia akavuka barabara, kalamu mkononi.

— Shikamooni. Nimemwona mama akitoka analia. Kwenye fomu aliandika “Fundi Zipu”, tukadhani ni kazi yake tu. Kitabu cha maonyesho kinakwenda mtamboni kuchapwa saa sita. Jina lake nani?

Spika akafungua mdomo. Likatoka “Zipu” lile lile. Mkemia akawa anachunguza kiatu chake.

— Mimi aliniita dada, akasema Mama Kahawa taratibu. Namba yake haipatikani tangu ahame. Na hata kwenye simu nimemwandika Zipu.

Dada akanigeukia mimi, msomi. Zipu alinishonea begi la vyeti. Siku hiyo hiyo akasoma cheti, na tangu hapo, kila niliporudi kutoka intavyuu mikono mitupu, aliniita kwa majina yangu matatu kamili, kama anayemwita waziri. Mimi la kwake sikuwahi kuuliza hata moja.

— Basi inukeni, nikasema. Spika, nenda kwa mwenye nyumba wake. Mkemia, zunguka kwa kila aliyempa begi. Mama, funika birika, hanywi mtu hapa. Na wewe, dada, kawaambie wenzako mtambo usubiri. Mtambo ukikataa kusubiri, futeni “hajulikani” sasa hivi, mwandike: anajulikana, wanaomjua hawakumuuliza jina.