Korti Ilimwambia Asikaribie

Wamama wenye wasichana, sikieni hii. Kwa gari ya Kisaju, mbele yangu, mama wa mboga alikuwa anampongeza msichana anayeitwa Kamene, ametoka kortini na mtoto wake.

"Bwanako amekatazwa kukukaribia. Si sasa umepona?"

"Nimepona wapi, mama? Simu ni yeye alininunulia, akaiweka imwonyeshe kila mahali niko. Nilipouliza kortini, nikaambiwa kuona kwa simu si kukaribia."

"Kwani mmeoana na simu? Itupe!"

"Nilitupa. Akanunulia mtoto ingine, na kwa mtoto hajakatazwa kukaribia."

Mama wa mboga akaangalia simu mkononi mwa mtoto. Mimi niko na wasichana nyumbani, nikajiuliza zao ni nani aliwanunulia.

Gari iliposimama, simu ya mtoto ikalia. Kamene akasoma kwa sauti ujumbe wa bwanake: "Karibu Kisaju."