Mawe ya Samaki, Jiwe la Jikoni

Basi lilikuwa halijaiacha Sanje vizuri, Mama Tekla akamwona binti wa kiti cha pembeni akikamulia limau mawe ya mtoni.

“Unamroga nani, mwanangu?”

“Shikamoo, mama. Nafuga samaki sebuleni, kwenye tangi la kioo. Jiwe likitoa povu lina chokaa, litaharibu maji. Lisipotoa, nalisugua na kuliloweka maji ya moto.”

“Marahaba. Si uyachemshe na sabuni, yaishe.”

“Sabuni ndiyo iliyoniulia samaki wa kwanza. Na jiwe la mtoni ukilichemsha linaweza kupasuka.”

Mama Tekla akaguna. Hakuona haja ya kumweleza mtoto wa watu kwamba figa aliloliokota mtoni lilimpasukia siku ya kipaimara, pilau ya wageni ikaishia majivuni. “Siku hizi mnasomea hata mawe.”

“Nimesomea samaki waliokufa, mama.”

Jiwe la mwisho, kubwa kuliko yote, likatoa povu. Binti akataka kulitupa dirishani, Mama Tekla akamshika mkono. “Lete. Jikoni kwangu limepungua figa moja.”

“Mama, litapasuka.”

Basi likasimama Kibaoni. Mama Tekla akashuka na jiwe lake kwapani, linanuka limau.

“Lipasuke,” alisema bila kugeuka. “Jiko ni langu.”