Ombi Limekataliwa

Kijiwe cha kahawa cha Mama Shakila kipo Mkomaindo, kando ya njia ya wapeleka uji hospitalini, na mtu akikaa pale na shida yake, shida inakuwa ya benchi zima. Alasiri ile ilikuwa zamu ya Nikolao. Alikuwa amepakata kompyuta ya marehemu mjomba wake, Yohana, mzee ambaye hakuwa akimwitikia mtu asiyemsalimu. Mjomba alizunguka Newala yote akikusanya majina ya wazee wa ukoo waliotangulia, akayahifadhi kwenye programu ya kumbukumbu humo ndani. Kesho ndiyo arobaini. Nikolao anarithi jina la mjomba, na ndiye atakayemwaga unga wa tambiko na kuwataja wazee mmoja mmoja. Akiruka jina, aliyerukwa atauliza kwa njia yake. Nikolao aliogopa, wala hakuficha.

— Inasemaje? aliuliza Yunusi, fundi simu, wanayemwita Daktari Betri.

— Nenosiri imelikubali. Halafu inasema ombi limetumwa kwenye simu ya mwenye akaunti, akabonyeze "Kubali". Nikingoja kidogo inaandika: "Ombi limekataliwa."

— Bando lipo?

— Lipo.

— Basi saa hiyo. Tarehe ikikosea, haikuingizi.

— Nimeirekebisha.

— Zima, washa.

— Mara nne, Daktari!

— Futa programu, iweke upya.

— Nimeifuta tangu asubuhi.

Nurdini, aliyestaafu ualimu akabaki na jina la Profesa, akashusha kikombe.

— Mitambo yao iko mawinguni. Ukiona vyaelea, vimeundwa! Sasa wingu lenyewe leo limeelekea Msumbiji.

— Wingu gani, Profesa? Na jua lote hili!

— Ndiyo maana haifunguki.

— Mie nasema kompyuta imefiwa, akadakia Mama Shakila akipepea mkaa. Siku zote hizo imo ndani, nani kaipa pole? Mficha uchi hazai. Ipeni pole!

Wakacheka, na Nikolao akacheka nao. Akajaribu tena. "Ombi limekataliwa." Safari hii jibu lilirudi upesi mno, kabla hajaondoa kidole. Kicheko kikakatika.

Ndipo akafika Happiness, mama kutoka Chiwata anayeuguza pale hospitalini, na chupa yake ya chai mkononi.

— Shikamooni.

— Marahaba, mwanangu.

Akachungulia kompyuta, akasoma habari ya ombi na simu, wakati kahawa inamiminwa.

— Samahani. Hiyo simu anayo nani? Maana hata kukataa, lazima mtu abonyeze.

Benchi zima lilikuwapo mazikoni. Desturi yao, marehemu husindikizwa na chombo alichokipenda, na Nikolao ndiye aliyeizima simu ya mjomba kwa mkono wake na kumlaza nayo sandukuni. Profesa akainuka, akaondoka bila kumaliza kahawa. Yunusi alikuwa anatazama vidole vya miguu yake.

Siku nzima Nikolao alikuwa anaomba tu, anabisha hodi nyumba ya mkubwa bila salamu. Akavua kofia.

— Shikamoo, mjomba, akasema kwa sauti ndogo. Akabonyeza.

Wakangoja. "Ombi limekubaliwa."

Majina yakafunguka yote, kuanzia bibi wa kwanza wa ukoo, wa kijiji cha Mkunya. Juu yake, kwenye mstari wa kwanza, palikuwa na neno moja: Marahaba.