Bi Punde Aondoka na Sauti Yake

Tarehe thelathini mwezi huu, baada ya miaka thelathini na miwili ya kuwaambia watu kipindi gani kinafuata, mtangazaji wetu wa vipindi anastaafu. Jina lake limo kwenye faili la utumishi, lakini hapa kituoni, kuanzia mlinzi wa getini hadi Mkurugenzi, sote tunamwita Bi Punde, kwa kuwa kila tangazo lake lilianza na neno hilo: punde mtaona taarifa ya habari, punde mtaona mchezo wa kuigiza. Uongozi umeniomba niandike wasifu wake kwa ufupi na kwa furaha. Ufupi nitajaribu.

Aliajiriwa kama mpiga chapa. Jioni moja mtangazaji wa zamu alishikwa na kwikwi isiyosikia maji wala maombi, naye akasukumwa mbele ya kamera akiwa na kandambili miguuni, maana kamera ilianzia kifuani. Aliambiwa ni kwa jioni hiyo tu. Wakubwa walisahau kumwondoa, watazamaji wakakataa aondolewe, na kandambili zikawa vazi rasmi la chini ya meza.

Kisha wakaja wataalamu na picha zao za kumulika ukutani, wakatufundisha kwamba televisheni, intaneti na simu sasa ni kitu kimoja. Ukuta kati ya idara tatu ukabomolewa. Idara tatu zilikuwa na birika tatu za chai na amani. Kitengo kimoja kikabaki na birika moja na vita. Wahenga walisema asiyekuwepo na lake halipo, lakini hapa kwetu asiyekuwepo hupewa cheo: Bi Punde alirudi kutoka likizo akakuta ameteuliwa mkuu wa kitengo kipya. Wakati huo simu yake ilikuwa ya vitufe, imefungwa kwa mpira ili betri isidondoke.

Siku ya kuzindua matangazo yetu kwenye simu, sote tulijazana mbele ya skrini iliyohesabu watazamaji. Bi Punde alifungua vizuri, akafika kwenye mapumziko, na mazoea yana taabu. Akasema alivyosema miaka yote: "Msiguse chochote, punde tutarejea." Kwenye televisheni, sentensi hiyo iliwahi kuzuia familia nzima isiinuke kwenda kula. Kwenye simu, ambako tulikuwa tumeweka picha isiyotikisika, kioo kisichoguswa huzimika. Watazamaji, kwa heshima zao, hawakugusa. Tuliwaona wakizimika kwa maelfu, hadi akabaki mmoja, naye alikuwa Mkurugenzi, akikipapasa kioo chake kama mgonjwa anayetafuta nafuu.

Bi Punde alitakiwa ajieleze. Akauliza, "Kwani kosa langu ni kusikilizwa?" Ikaundwa kamati ya kutafuta jibu.

Hata hivyo alijifunza haraka kuliko wengi wetu, na kazi yake kubwa zaidi ilikuwa ndogo kabisa. Tulikuwa tumewapa watu uhuru wa kuchagua kipindi chochote, saa yoyote, mahali popote. Wakawa wanachagua mpaka usingizi unawachukua kabla hawajatazama kitu. Wakaanza kumwandikia: "Bi Punde, tuangalie nini?" Akawa anawatumia ujumbe mfupi wa sauti kila jioni, na watazamaji wakarudi. Mitambo yote ile ya kisasa ilituzungusha na kuturudisha kwa mwanamke mwenye kandambili.

Ndiyo maana habari za kustaafu kwake ziliushtua uongozi. Dawa ikapatikana: arekodi sauti yake, kisha mashine iige na kuendelea kutangaza kwenye televisheni, intaneti na simu, milele. Mfanyakazi asiyeugua, asiyeomba likizo, asiyegombania birika! Tulimbembeleza, nami nikiwa mstari wa mbele. Alisema atauliza nyumbani.

Nyumbani kuna mume wake, mpiga picha wetu wa zamani, aliyemwelekezea kamera jioni ile ya kwikwi na hajaacha kumpenda tangu hapo. Macho yake yalififia, na sasa haoni kabisa. Kila jioni mzee hukaa mbele ya televisheni, na mkewe, asipokuwa zamu, humsimulia: nani ameingia, amevaa nini, amekonda kiasi gani.

Kesho yake Bi Punde alirudisha mkataba bila saini. "Nikiwa pale namsimulia, na televisheni nayo inasema kwa sauti yangu," alimwambia Mkurugenzi, "mume wangu atajuaje mkewe ni yupi?"

Mkurugenzi aliuchukua mkataba, akaukunja, akauweka mfukoni. Mimi nilitoka nje kidogo.

Bi Punde, asante kwa miaka yote hii, kwa uvumilivu wako na kwa kutufundisha wengi wetu kuongea na watu tusiowaona. Kuanzia mwezi ujao matangazo yatasomwa na mwenzetu mwenye sauti nzuri ambayo si yako, na tutazoea polepole. Tunakuombea afya, usingizi wa kutosha na jioni ndefu na mzee wako. Na siku tutakapovurunda hewani, kama ilivyo kawaida yetu, tafadhali msimulie vinginevyo.