Pongo wa Kwenye Ukungu

Kwenye boti ya kwenda Mwamgongo, mzee mmoja mwindaji alimwambia mama aliyepakata kapu la uyoga kwamba pongo huwindwa msimu wa mvua. "Kiangazi majani makavu yanakusema. Mvua ikikatika, majani yamelowa, pongo anatoka kichakani kula, nawe unamkaribia mpaka unamsikia akitafuna."

"Saa hizohizo, mzee, nasi tunaingia msituni kuchuma uyoga. Mvua tuachieni sisi."

Mimi niliyekaa karibu yao, nyama naijulia buchani.

Mzee akasema ameshawaachia. Asubuhi moja ya ukungu, juu kule Kalinzi, alilenga kitu cha rangi ya pongo, kimeinama. Kabla hajafyatua, kikakohoa. "Kumbe ni mama mmoja, na kitenge chake. Tangu siku ile nawinda kiangazi tu, narudi mikono mitupu."

"Ulimwambia?"

"Ningemwambia nini? Nilimsalimia, nikapita."

Mama akaichukua kofia ya mzee, akaijaza uyoga. "Basi nakushukuru kwa niaba yake."

"Lakini msimu mzuri ni wa mvua," mzee akasema.

"Si mzuri."

Boti ikagusa mchanga. Walishuka wakibishana, mzee kichwa wazi, kofia ameikumbatia.