Urbanus Kashaija na Jenereta za Stony Harbour

Mhandisi Urbanus Kashaija, tunayemsindikiza leo, alizaliwa tarehe 14 Mei 1957 huko Kamachumu, mkoani Kagera, akiwa mtoto wa kwanza kati ya watano wa marehemu Mwalimu Laurian Kashaija na Mama Paskazia. Mimi ninayesoma, Dative, ni wa tatu. Nimeombwa na familia nisome kwa utulivu. Nitajitahidi, lakini waliomfahamu kaka wanajua kwamba maisha yake hayasimuliki bila mtu kupandwa na hasira kidogo.

Alisoma shule ya msingi hapo hapo Kamachumu, kisha sekondari ya Ihungo, na mwaka 1978 akajiunga na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, alikohitimu uhandisi wa mitambo mwaka 1982. Baba alizoea kuwaambia walimu wenzake, "Huyu ukimjibu nusu, kesho atarudi kuchukua nusu iliyobaki." Walidhani anamsifu. Alikuwa analalamika.

Kazi yake ya kwanza ilikuwa kiwanda cha nguo Mwanza, upande wa mitambo ya mvuke. Mwaka 1985 bomba lilipasuka na kumuunguza vibaya kijana aliyekuwa akifanya naye kazi. Bomba lile lilikuwa na ufa, na meneja alikuwa ameambiwa tangu Pasaka. Kaka alikuwa mmoja wa waliomwambia. Alimuuguza yule kijana hospitali ya Bugando mpaka alipopona, na habari hiyo hakupenda kuizungumza.

Tarehe 27 Desemba 1986 alifunga ndoa na Bi. Anastasia Kokushubira katika Kanisa Kuu la Bukoba. Mwaka 1989 alikuja Toronto kusoma shahada ya pili, na wifi akamfuata mwaka uliofuata. Walipanga nyumba mtaa wa Parkdale, ghorofa ya tisa, na hapo ndipo Sara na Frank walipozaliwa. Watoto wakimjibu kwa Kiingereza, alijifanya kiziwi mpaka waseme kwa Kiswahili. Frank alikuwa akikaa na njaa kwa ubishi, mama yake akimpakulia kwa siri.

Sherehe ya harusi ya Sara, mwaka 2013, wengi mliokuwepo mnaikumbuka. Maharusi walikuwa mlangoni, muziki umeanza, baba wa bibi harusi haonekani. Nilimkuta nyuma ya ukumbi amevua koti, anahamisha kreti za soda.

"Kaka, watu wanakusubiri!"

"Wameziba mlango wa dharura kwa kreti, Dative. Ukitokea moto hapa, hao watu watapitia wapi?"

"Moto gani? Hata pilau limepoa!"

"Basi shika upande huo tunyanyue."

Nikashika, nikiwa na gauni langu la sherehe. Wifi hakunisemesha mpaka keki ilipokatwa.

Mwaka 1992 kaka aliajiriwa katika kituo cha umeme wa nyuklia cha Stony Harbour, kando ya ziwa, akiwa mhandisi wa matengenezo. Kwa wasiojua, naomba nieleze kama alivyonieleza mimi, muuguzi. Kinu cha nyuklia hata kikizimwa hubaki na joto kali, na lazima pampu ziendelee kukipoza. Umeme wa nje ukikatika, pampu zinategemea jenereta za dharura. Jenereta hizo zisipowaka, ni hatari kwa kila mtu aliye karibu.

Agosti 2003, umeme ulipokatika mkoa mzima, jenereta mojawapo ya Stony Harbour haikuwaka. Zilizobaki zilitosha, Mungu ni mwema. Taarifa ya menejimenti ilisema jenereta ile "ilichelewa". Kaka aliuliza ilichelewa mpaka lini, maana yeye alikuwa amesimama mbele yake na haikuwaka kabisa. Hakujibiwa. Kabla ya Krismasi aliacha kazi, akaomba kuwa mkaguzi katika Baraza la Ukaguzi wa Mitambo ya Nyuklia la Mkoa, kwa mshahara mdogo zaidi. Tulimshangaa. Mimi nilimwambia amepotoka.

Mwaka 2007, baada ya misa ya Kiswahili, alifuatwa kwenye ukumbi wa chai na Bw. Télesphore Ilunga, Mkongo aliyekuwa fundi wa jenereta pale Stony Harbour, ambaye leo yupo nasi. Télesphore alimweleza kwamba hita za kuzitunza jenereta katika joto zilikuwa zimekufa muda mrefu. Kwa hiyo kila jaribio lilipokaribia, mafundi waliagizwa waziwashe kwanza, wazipashe moto, wazizime. Asubuhi wakaguzi wakija, zinawaka mara moja, kila mtu anapongezwa. Télesphore alikuwa amemwambia msimamizi wake kwamba umeme ukikatika hautoi taarifa siku moja kabla. Mwezi uliofuata akahamishiwa stoo kugawa vifaa, akaandikwa kwamba hawezi kushirikiana na wenzake.

"Njoo ofisini uandikishe malalamiko," kaka alimwambia. "Sheria inakulinda."

"Sheria iko inanilinda?" Télesphore alicheka. "Bakiniona kule kwenu, batanifukuza. Niko na batoto, kaka."

Kaka alirudi nyumbani akamwambia wifi kwamba amemwambia mtu maneno ambayo yeye mwenyewe hayaamini.

Kilichofuata kinachosha hata kukisoma. Bila kumtaja mtu, aliomba jaribio la ghafla. Menejimenti ikajibu kwamba ombi limepokelewa. Akaomba tena, likapokelewa tena. Alikwenda mwenyewe kituoni, na meneja wa uendeshaji akamkaribisha kahawa, akamwambia jaribio la ghafla linahitaji taarifa ya wiki mbili.

"Likiwa na taarifa ya wiki mbili, ughafla wake uko wapi?" kaka aliuliza.

"Mhandisi Kashaija, sisi hapa tunajali usalama kuliko kitu chochote," meneja alijibu, akamwonyesha bango ukutani.

Mkuu wake kwenye Baraza naye alimwita. Alimwambia kituo kina rekodi nzuri, asiharibu uhusiano uliojengwa kwa miaka. Kaka alipita kwangu Richmond Hill, kaskazini mwa Toronto, siku hiyo, akakaa jikoni bila kuvua koti. "Dative," alisema, "mimi ninalipwa kukagua. Uhusiano nimeletewa na nani?" Nilimwambia aache, atafute amani, ana watoto wa kusomesha. Akaomba chai.

Mwaka 2009, kituo kilipoomba leseni mpya, kulikuwa na kikao cha wazi. Menejimenti ilileta michoro ya rangi ya maoni yaliyokusanywa kazini, kuonyesha kwamba karibu wafanyakazi wote hawaogopi kueleza wasiwasi wao. Kaka alisimama, akauliza kama wale wachache waliosema wanaogopa walifuatwa na kuulizwa wanaogopa nini. Meneja alianza kueleza utaratibu. Ndipo Télesphore, ambaye hakuwa amemwambia mtu kwamba anakuja, akanyanyuka kutoka kiti cha nyuma.

"Mimi ni mmoja wao," alisema kwa Kiingereza chake. "Nilisema, na sasa nagawa bisibisi."

Akaeleza yote. Mwenyekiti wa kikao aliagiza jenereta zijaribiwe siku hiyo hiyo, zikiwa baridi, na kaka awepo. Ya kwanza iliwaka. Ya pili ilikoroma mara tatu ikanyamaza. Kaka alituambia hakufurahi hata kidogo. Alitamani sana awe amekosea.

Hita zilinunuliwa, utaratibu wa majaribio ukabadilishwa. Télesphore alirudishwa kwenye kazi yake baada ya miezi minane ya vikao, akapewa na kikombe chenye maneno "Usalama Kwanza". Kaka, kwa upande wake, aliondolewa kwenye ukaguzi, akapelekwa kitengo cha kuandaa vipeperushi. Walisema ni nafasi ya heshima. Alikaa huko akirekebisha koma hadi Machi 2011, bahari ilipofurika kule Japani na kuzima jenereta za dharura, na dunia nzima ikajua jenereta hizo ni za nini. Mkuu wake akampigia simu kwa upole mwingi, akamrudisha Stony Harbour. Ilibidi watu wa mbali hivyo wapate msiba ndipo mtu huyu asikilizwe. Aliendelea na ukaguzi hadi mwili ulipokataa.

Mwili ulianza kukataa mapema, na hapa hasira yangu ni kwake yeye. Mtu aliyewafundisha mameneja kwamba dalili ndogo haipuuzwi, alisumbuliwa na tumbo tangu mwaka 2014 akaliita gesi. Mimi ni muuguzi, nilimsihi, nikamgombeza. "Nimepokea ombi lako," akanijibu, akacheka. Oktoba 2015 aligundulika na saratani ya utumbo mpana, tayari imefika kwenye ini. Ninyi mnaotupigia kutoka nyumbani mkiuliza kuhusu mionzi, naomba mpumzike. Kipimo chake cha mionzi kilifuatiliwa miaka yote kazini na hakikuwahi kukaribia kiwango cha hatari. Madaktari hawakuona sababu ya kuutaja mtambo. Alichelewa kwenda hospitali. Basi.

Alitibiwa kwa mwaka mmoja, akavumilia. Alifariki tarehe 9 Novemba 2016, asubuhi, wifi amemshika mkono na Frank akimsomea rozari kwa Kiswahili, bila kukosea.

Juzi kituo cha Stony Harbour kilituletea shada la maua na ombi kwamba kwenye kitabu cha ratiba tuandike kuwa marehemu alikuwa "mshirika wao mkubwa". Nilimuuliza wifi tufanyeje.

"Maua yapokee," alisema Anastasia. "Hayo mengine waambie yamepokelewa."

Marehemu ameacha mjane, Bi. Anastasia, watoto wawili, Sara na Frank, mkwe mmoja, Salman, mjukuu mmoja, Laurian, na wadogo zake wanne. Amemwacha pia mama yetu mzazi, Mama Paskazia, mwenye umri wa miaka themanini na mitatu, ambaye yuko Kamachumu na anatusikiliza kwa simu wakati huu. Mama hakuuliza habari za jenereta wala za leseni. Aliuliza kama tumemvalisha sweta, maana anajua huku ni baridi.

Ndiyo, Mama. Tumemvalisha, lile la kijani.

Mungu ampokee mtumishi wake Urbanus, na ampumzishe.