Mama Oscar, Aliyeandikwa Mnene Hadi Kaburini

Wasifu huu umeandikwa na kusomwa na mdogo wake, Roy Parmuat

Marehemu Resian Lemein, ambaye wengi wenu mlimwita Mama Oscar, alizaliwa tarehe 9 Juni 1972 huko Mashuuru, mtoto wa tatu wa Mzee Parmuat na Mama Seleyian, ambao wametangulia. Alizaliwa kibonge, na nyanya yetu alijivunia hilo mbele ya wageni.

Alisoma hapo hapo Mashuuru hadi darasa la nane, mwaka 1987.

Mwaka 1990 alianza kununua na kuuza mbuzi katika soko la mifugo la Kajiado, na baadaye akafungua bucha Kitengela. Sokoni mnunuzi hataji bei kabla hajampapasa mbuzi mgongo, maana manyoya hudanganya. Mama Oscar alipapasa huku akikuuliza habari za nyumbani, na ulipomaliza kujibu, alikuwa ameshaamua.

Tarehe 4 Desemba 1993 alifunga ndoa kanisani na Koinet Lemein. Walijaliwa Oscar, Kakenya na Lorine.

Alikuwa mnene, hatukatai, na dawa ya presha alimeza kila asubuhi. Lakini katika kliniki alikokuwa akitibiwa, alipokwenda na kikohozi waliandika unene. Mwaka jana tumbo lilipoanza kumuuma na kujaa, waliandika unene, apunguze ugali. Aliposhindwa kula akakonda mikono na uso, daktari alitazama mizani, akatabasamu.

"Mama, umepunguza vizuri sana. Usiache."

Na hilo pia liliandikwa kwenye faili, kama ushindi. Inatia kinyaa, na sitatafuta neno la adabu zaidi kwa kuwa tuko mazikoni. Siku hiyo alirudi nyumbani akamwambia Kakenya, "Hata mbuzi, mtu anashika mgongo kwanza ndio aseme bei. Mimi hakuna mtu ameshika hii tumbo."

Kakenya alimpeleka hospitali nyingine. Daktari wa huko aliweka mkono tumboni, akaagiza picha. Ulikuwa uvimbe wa saratani kwenye ovari, na ulikuwa umeshafika kwenye ini. Mama Oscar alifariki nyumbani Kitengela, Ijumaa tarehe 14 Machi 2025.

Karatasi ya kifo iliandikwa na kliniki ile ya kwanza, ikasema: unene. Lorine, aliyekuwa akimwinua mama yake kitandani peke yake kwa jinsi alivyokonda, aliirudisha. Akajibiwa kwamba ndivyo faili la kliniki linavyosema. Hata maiti hawakuitazama.

Ameacha mume, watoto watatu, wajukuu wawili na sisi ndugu zake. Tumekubaliana kwamba kama karatasi haitaki kusema, kaburi litasikia: dada yetu aliuawa na saratani, na waliolipwa kumpima hawakumgusa.

Pumzika kwa amani, dada, mahali ambapo hakuna mizani mlangoni.